Damu Bila Majeruhi

Gari la kituo lilipinduka kwenye kona ya Misima mchana, jua likiwa la utosi, na watu wa kijijini kwetu wakakimbia kwenda kuokoa. Ndivyo ilivyoanza, kwa wema. Aliyepiga yowe alikuwa Fausta, muuza ndizi wa pale barabarani. Aliona gari limelala ubavu, matairi yanazunguka hewani, akaweka mkono mdomoni akalia kama tunavyolia sisi. Kwetu yowe likisikika huulizi. Unakimbia na ulichonacho mkononi, mwenye panga na panga lake, mwenye mchi na mchi wake, maana hujui kama ni chui, mwizi, au nyumba inaungua. Asiyetokea huulizwa baadaye alikuwa wapi, na jibu lake linapimwa.

Kwa hiyo walifika na silaha mikononi, watu waliokuja kutoa msaada.

Wakamtoa Valentino, dereva, kijana wa Korogwe. Paji la uso limechanika kidogo. Wakamtoa na mtaalamu Tumwine, Mganda, yeye hana hata mkwaruzo. Watu wakaanza kusema Mungu mkubwa. Hapo ndipo mlango wa nyuma wa gari ulipoachia. Ndoo nyeupe zikabingirika, vifuniko vikatoka, damu ikamwagika. Si damu ya kujaza kikombe. Ilitelemka kwenye lami kama maji ya mvua, ina mapovu, na mbwa wakaja.

Watu wakaitazama damu, wakawatazama wale wawili. Majeruhi mmoja, tena wa paji tu. Hii nyingine yote ya nani?

"Mumiani," mtu akasema. Hakupaza hata sauti.

Nieleze kwanza hicho kituo. Kilikuwa kinajengwa kwenye shamba la mkonge lililokufa, mbele kidogo ya kijiji chetu. Nchi tano ziliungana: sisi, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Badala ya kila nchi kuhangaika peke yake na mbung'o wanaoua ng'ombe na kuleta malale, zijenge nyumba moja ya utafiti, wataalamu wao wakae pamoja, wale pamoja, wafanye kazi moja. Siku ya jiwe la msingi bendera tano zilipepea na wageni wakahutubia mpaka viti vikachoka. Walisema habari za ajira na maji ya bomba. Walisema watafuga mbung'o madume, wawaharibu uzazi, wawaachie porini, ili majike wasizae tena.

Paulo, ambaye nitamweleza, aliuliza toka nyuma, "Yaani mmetoka nchi tano kuja kufuga mbung'o Handeni? Wa kwetu hawajawatosha?"

Watu walicheka mpaka mkutano ukavurugika. Lakini kwamba mbung'o wa kufugwa lazima anyweshwe damu, hilo halikusemwa na yeyote. Labda waliona si neno la kusema mbele ya wageni wakubwa.

Mimi nililijua kwa sababu nilikuwa nawapikia mafundi pale, na Tumwine alikuwa anakula kwangu. Siku moja alinipeleka kwenye jengo la kwanza lililokwisha, akanionyesha vizimba vya wavu vimelazwa juu ya sinia za damu iliyofunikwa utando kama ngozi, mbung'o wananyonya kwa juu, matumbo yamewajaa.

"Ya ng'ombe, Bibi," akaniambia. "Tunaichukua machinjioni Korogwe."

"Hata kama ni ya kuku," nikamwambia, "mimi humu ndani sitakuletea chakula. Utanifuata jikoni." Akacheka sana.

Tena walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kupima watu malale. Wanatoboa kidole, wanachukua tone. Mjukuu wangu Angel, mtoto wa mwanangu Habakuki, alitobolewa nikiwa nimempakata. Baadaye, malale wala si malale, mvua za masika zikiwa zimekolea, alishikwa na homa ya ghafla na degedege, akafia mikononi mwangu baba yake akiwa amekwenda kutafuta pikipiki ya kumpeleka hospitali. Tabibu wa zahanati alisema malaria. Habakuki alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na hakuamini hata neno moja.

Na sasa Paulo. Paulo ni mtani wetu. Babu yake aliletwa toka Tabora kukata mkonge, hakurudi, na sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani toka enzi. Mtani ndiye anayeosha msiba. Atawatukana wafiwa, ataiba nyama chunguni, atazuia jeneza njiani, na mwisho ni yeye anayefagia nyumba ya marehemu na kutoa mkosi. Mwingine hawezi. Humkasirikii mtani. Siku ya kumzika Angel aliingia kaburini akalala chali, akasema hatoki bila jogoo, kwamba udongo wa Wazigua ni laini kuliko godoro la mke wake. Habakuki alicheka huku machozi yanamtoka. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona akicheka. Baada ya pale alianza kushinda kijiweni na waendesha pikipiki, hasa kijana mmoja Erasto, mtu wa Mombo, na huko ndiko alikolishwa maneno ya lile tone, kwamba ndilo lililomuua mtoto.

Siku ya gari nilikuwa nyumbani. Tangu msiba sikuwa nimerudi kupika. Nilisikia yowe, nikasimama na ungo mkononi, halafu nikalisikia linabadilika. Yowe la msaada lina mahali linapumua. Hili likawa halipumui.

Tumwine alitokea kwenye mihogo. Kiatu kimoja hana, shati limepasuliwa mgongoni, sikio linamning'inia upande.

"Bibi," akasema. "Bibi, wanamuua Valentino."

"Ingia ndani."

"Alikuwa anawaambia kwa Kizigua. Anawaambia ni ya ng'ombe, kwa Kizigua kabisa. Wakampiga mdomoni kwanza. Jiwe la mdomoni kwanza, Bibi."

Nikamsukuma kwenye chumba cha mahindi, nikatia komeo, nikamwambia hata panya akimng'ata asipige kelele. Nikafunga na mlango wa mbele. Nikakalia kizingiti na ungo wangu wa maharage mapajani, nikaanza kuchambua. Natupa mazima nabakiza mabovu.

Sikuwa na akili nyingine. Nilifikiri neno moja tu: huyu mtu akitolewa humu ndani, atauawa uani kwangu, na atakayeanza kumpiga ni mwanangu. Nikikaa hapa mpaka polisi wa Handeni wafike, mgeni ataishi na mwanangu hatakuwa muuaji. Fausta alikuwa na simu, na Fausta si mtu mbaya. Niliamini amepiga.

Wakaja wakifuata matone ya damu ya sikio. Uwanja ulijaa. Wengi niliwazalisha mama zao, na sasa wameshika mawe yenye unyevu. Habakuki alikuwa mbele na panga. Suruali yake, toka magotini kushuka chini, ilikuwa nyekundu na imeanza kukauka. Panga lilikuwa safi.

Nitakalosema mnaweza msiamini, lakini watatu wanne waliniamkia. "Shikamoo Bibi," na jiwe mkononi.

"Marahaba," nikasema. "Na wewe Habakuki? Mdomo umeota kutu?"

"Mama, toka mlangoni."

"Natoka niende wapi? Hapa ni kwangu."

"Yuko ndani," Erasto akadakia. Alikuwa na dumu dogo la petroli, lile wanalouzia barabarani. "Damu imeishia hapa. Bibi kamficha mnyonya damu."

"Ile ni damu ya ng'ombe," nikasema. "Nimeiona kwa macho yangu inavyotumika. Wanawalisha wadudu."

"Ng'ombe gani anawekwa kwenye ndoo ya kizungu na kifuniko? Nyie mmewahi kuona? Bibi kalishwa huyu, kapikia watu hawa mpaka kawa wao!"

Wakaitikia. Jiwe likatoka nyuma, likanipiga hapa kwenye mtulinga, juu ya bega. Nilisikia mfupa ukisema ka! Ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika. Sikuinuka.

Habakuki aligeuka akafoka, "Nani kampiga mama yangu? Nani?" Akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama wa mtu anayetaka kulia lakini amesahau kunaanzia wapi.

"Walimtoboa kidole," akasema. "Na wewe ulimshika mkono, mama. Wewe. Ulimwambia Angel asilie."

"Nilimshika. Na nilimshika tena alipokuwa anakufa, wewe hukuwepo. Nilimwona alivyokufa. Hakupungukiwa damu, mwanangu. Alikuwa anaungua."

"Toka mlangoni!"

"Sitoki."

Wawili walizunguka nyuma, nikasikia mchi ukigonga dirisha la mbao. Moja, mbili, ubao ukapasuka. Ndani Tumwine hakutoa sauti, ila nilisikia gunia la mahindi likiburuzwa, anaziba. Erasto akafungua dumu akamwaga petroli mlangoni, ikanirukia miguuni, baridi kabisa. Harufu ikanipanda kichwani.

"Mtoeni bibi yenu," akasema, "au aungue naye. Mimi kwetu si hapa, sina bibi hapa."

Fabiani, shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alisema, "Wee kijana, ngoja." Lakini naye alikuwa ameshika mchi, na hakusogea.

Hapo tukasikia mtu analia. Kilio cha msibani kile cha kuvuta, cha mwanamke, kinatokea njiani. Watu wakapisha. Alikuwa Paulo. Kajifunga khanga ya mke wake kichwani, nyingine kiunoni, anajipigapiga kifua.

"Jamani, jamani! Wazigua mna msiba na mtani hamumwiti? Mnataka kula peke yenu? Nani kafa? Maiti iko wapi?"

Akazunguka akiwachungulia usoni mmoja mmoja.

"Bado hajafa? Sasa mmekusanyika mnafanya nini, wavivu nyie? Hata kufa mnachelewa. Basi nife mimi, kazi ianze." Akalala chali pale kizingitini, juu ya petroli, kichwa chake kikagusa goti langu. Akaniangalia toka chini akanikonyeza. Jasho lilikuwa linamtiririka kama mvua. Alikuwa anaogopa kuliko mimi. "Haya, nipimeni kaburi. Lakini mjue mimi ni Mnyamwezi, siingii kwenye vishimo vyenu vya panya."

Mtu mmoja akacheka. Si cheko zuri, lilimponyoka tu. Kisha mwingine. Nikaona jiwe moja linawekwa chini taratibu, kana kwamba mwenyewe alikuwa amelibeba kwa bahati mbaya.

"Nani kichaa huyu?" Erasto akauliza.

"Mtani," Fabiani akasema.

"Mtani ndiyo nini? Mtoeni!"

"Hawezi kutolewa hivyo. Lazima apewe kitu."

"Paulo," Habakuki akasema. Alisema polepole. "Inuka. Leo siyo utani."

"Nipe mbuzi nitainuka. Juzi ilikuwa jogoo, leo bei imepanda. Mwenyewe unaona biashara ilivyo nzuri."

Sikupenda aseme juzi. Nadhani hata yeye alijuta lilipomtoka. Nilimwona Habakuki anavyolisikia, nikaliona kaburi la mtoto linamrudia machoni, na panga likapanda. Hata leo sijui lilikuwa linakwenda kwa nani, kwa Paulo, kwa mlango, au kwangu. Nilipiga kelele jina lake. Paulo akanyanyua mkono kujikinga, na panga likapita kati ya kiwiko na kiganja. Mkono ulibaki umeshikwa na ngozi. Damu ilinirukia usoni, ya moto, nikaionja.

Paulo hakulia. Alisema, "Ah, Habakuki," kama mtu aliyemwagiwa uji.

Uwanja wote ukarudi nyuma. Mnaweza kushangaa: watu hao hao walikuwa wametoka kumponda mtu barabarani na hawakurudi nyuma. Lakini yule wa barabarani walimwita mumiani. Huyu ni mtani. Damu yake ikimwagwa kwa hasira na Mzigua, nani ataiosha, wakati mwoshaji ni yeye? Nani atafagia nyumba hiyo, na ya jirani yake, watu watakapokufa? Niliyasikia mapanga yakianguka chini. Mwanamke mmoja akafunika uso akakimbia. Wengine wakaanza kutembea, kisha kukimbia, hawaangaliani.

Erasto peke yake hakuelewa. Alitoa kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika. Alipotoa ya pili, Fabiani alimpiga na mchi kwenye mkono, mfupa ukatokeza nje, akaanguka chini akabweka kama mbwa. Fabiani akampiga tena mdomoni. Angempiga mpaka mwisho. Ilibidi nimwambie, "Shemeji, imetosha, usije ukawa wao."

Mlango uliokuwa nyuma yangu ukafunguka. Tumwine alikuwa amevunja makomeo kwa ndani. Alimruka Paulo, akapiga magoti kwenye petroli na damu, akavua mkanda wake akaukaza juu ya kiwiko kwa meno. Mwanangu alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale, panga mkononi, na mgongo wa mtu aliyekuwa anautafuta uko wazi mbele yake.

Hakufanya kitu. Akakaa chini kwenye maharage. Polisi walimkuta hapo hapo.

Hospitali walimkata Paulo mkono uliobaki kuning'inia. Nilikuwa nimelazwa wodi ya jirani kwa ajili ya bega langu, nikasikia askari akimhoji na yeye akimzungusha.

"Nani alikukata?"

"Nimekatwa na mashine ya kukoboa."

"Mzee, watu wamekuona!"

"Mtani hamshitaki mtani, afande. Wewe kabila gani? Aa, basi ndiyo maana. Nitamdai mwenyewe. Nitakula kuku wa ukoo ule mpaka kuku wenyewe wahame."

Alisema hivyo mchana. Jioni nilimsikia akilia, anauita mkono wake kama anavyoitwa mtoto.

Kwa hiyo la Paulo likaisha kwa mila. Tumwine alikuwa mzima, kaondoka na mshono sikioni, kituo kikasimama, mafundi wakarudi makwao, na nchi moja moja zikaanza kuuliza kama zitaendelea kuleta watu wao mahali watu wanapopigwa mawe. Likabaki la Valentino, na la gari walilolitia moto baada yake. Barabarani pale, ukiwauliza, hakukuwa na mtu. Kila mmoja alifika gari likiwa tayari linaungua. Fausta hakuona. Mawe yalijirusha.

Fabiani alikuja kunitoa hospitali. Njiani akasema, "Shemeji, Habakuki wakiuliza alitoka wapi, wewe sema alitokea shambani. Alisikia kelele kwako akaja. Basi. Paulo hadai, hakuna kesi. Mtoto atarudi nyumbani."

"Na ile suruali?"

"Suruali gani?"

"Panga lilikuwa safi, Fabiani. Alifika suruali ina damu na panga ni safi. Paulo alikuwa hajaja."

"Ndoo zilimwagika. Inawezekana alikanyaga."

"Inawezekana," nikasema. "Damu ya ndoo hairuki mpaka magotini."

Alipokuwa ananishusha kwetu akasema, "Una mtoto mmoja, shemeji." Kana kwamba nilikuwa nimesahau.

Kesho yake nilipanda basi la Korogwe, mkono umefungwa shingoni. Nyumba ya Stefania, mama yake Valentino, ni moja ya zile nyumba za kambi ya zamani ya mkonge, zimeunganishwa ukuta kwa ukuta. Msiba ulikuwa bado haujaanuliwa. Wanawake wamejaa mikekani. Nikavua viatu, nikaamkiana nao, wakanisogezea nafasi, mmoja akaniuliza mama umetokea wapi.

"Misima," nikasema. "Mimi ni mama yake Habakuki, yule aliyekamatwa."

Sikumbuki nani alianza. Nilipigwa kofi, nikavuliwa kilemba, nikavutwa nywele hizi nyeupe mpaka nje. Mmoja alinikanyaga bega bovu na nikaona nyota. Wakanitupa barabarani, wakanitemea mate. Nilikaa hapo hapo nilipotupwa. Nilikuwa nimekuja kwa jambo langu na nilikuwa bado sijalisema.

Stefania alitoka mwenyewe baadaye. Mwanamke mfupi, mdogo kuliko mimi, macho yamevimba yamekuwa kama vidonda. Akanisimamia.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana. Si wangu kuuomba."

"Umefuata nini sasa? Uone nilivyo?"

"Nimekuja kukwambia ninachojua. Kule kwetu watakwambia Habakuki hakufika barabarani. Alifika. Alikuja kwangu tayari ana damu, toka magotini kwenda chini, na panga lake lilikuwa halijamgusa mtu. Alimpiga kwa miguu. Sikuona, lakini mimi ndiye niliyemfulia nguo toka utoto, najua damu iliyomwagika na damu iliyoruka kwa teke."

Alinipiga kofi. La nguvu, mdomo ukachanika juu ya jino. Akanipiga la pili upande huo huo. Kisha mkono wake ukabaki hewani, akauangalia.

"Alikuwa na meno mazuri," akasema. "Valentino. Nilimzika mdomo umefungwa kitambaa kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuonyesha."

Akaushusha mkono, akaufuta kwenye khanga.

"Utayasema hayo mbele ya hakimu? Mwanao akiwa anakuangalia?"

"Nitayasema."

"Mwongo wewe. Ukifika pale utamwona ni mtoto wako, utameza."

"Unaweza kuja kukaa nyuma yangu."

Alifikiri. Wanawake walikuwa wamejaa mlangoni wanasikiliza. Akaokota kilemba changu kwenye vumbi, hakukikung'uta, akanitupia mapajani.

"Nitakuja," akasema. "Na ukimeza, nitakusimamisha mimi mwenyewe kwa nywele hizo hizo."

Nikafuta damu mdomoni kwa kile kilemba, nikajifunga, nikamwomba mmoja wao anisaidie kuinuka. Hakuna aliyekuja. Nikainuka kwa kushika ukuta, nikaenda kituo cha polisi.